Nani azuie kombo? Anayejibu mwisho

Kwa Kiswahili cha kila siku, jambo likienda kombo limeharibika. Sisi wachezaji wa kadi tunaita kombo kadi mbili au tatu ambazo moja moja hazitishi mtu, ila zikikutana mchezo umekwisha. Kwa wale watatu waliobaki mezani, maana ya zamani inafaa vilevile.

Nazungumzia Commander ya ushindani, katika Magic: The Gathering. Watu 4, kila mmoja na deki ya kadi 100 isiyorudia kadi isipokuwa ardhi za kawaida (kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), na uhai 40. Ukitaka kushinda kwa mashambulizi, kwa kawaida inabidi umalize uhai 120 wa watu watatu, huku mwenzako anatafuta kadi mbili tu.

Mbili hizo mara nyingi ni Thassa's Oracle, ya 2020, na Demonic Consultation, ya 1995. Oracle ikiingia mezani inahesabu alama za mana ya buluu kwenye gharama za kadi zako zilizoko mezani. Hesabu ikiwa sawa na kadi zilizobaki kwenye deki yako, au ikizizidi, umeshinda. Consultation inakutaka utaje kadi, kisha inafukua deki mpaka iipate na kuzitoa nje ya mchezo zote zilizotangulia. Basi unataja kadi ambayo hukuiweka humo kabisa. Deki inaisha yote na Oracle inakupa ushindi, kadi zote mbili kwa jumla ya mana 3.

Mgeni wa mchezo huanza na Consultation. Oracle yake ikifutwa, yaani mpinzani akiizuia kwa kadi yake kabla haijatimia, amebaki na deki tupu. Akitakiwa kuvuta kadi tu, ameshindwa. Mzoefu hutanguliza Oracle, na athari yake ikiwa bado inasubiri, anaweka Consultation juu yake. Athari hupangwa kama sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa.

Wazuiaji nao hukosea. Wengi wakiona Consultation imepita wanakimbilia kuiua Oracle. Haisaidii kitu. Deki ikiwa na kadi sifuri, alama sifuri zinatosha. Mimi huiachia Oracle iingie, nikaifuta Consultation. Aliyefutiwa anabaki na kiumbe cha 1/3 (nguvu 1, ustahimilivu 3) mezani na ameangalia kadi mbili za juu, basi. Mwenye Stifle, kadi inayofuta athari, ana raha zaidi: anangoja deki iishe, ndipo anaifuta ile athari ya Oracle. Ukatili mtupu, lakini ni halali.

Sasa gharama ya kuzuia. Mkicheza wawili, kadi yangu kwa kadi yako ni sare. Mkiwa wanne, mimi na wewe tumepungukiwa na wawili wametulia tuli. Force of Will, nayo ya kufuta kadi, ndiyo mbaya zaidi: usipoilipia mana, unatoa uhai 1 na kadi nyingine ya buluu iliyo mkononi, yaani kadi zangu mbili kwa moja yako. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kwa hiyo kila mtu anangoja mwingine azuie. Nafasi ya kujibu huanza kwa aliyecheza kadi, ikazunguka kwenda kushoto. Wote wakipitisha mfululizo, kadi inatimia. Akijitokeza mmoja, mzunguko unaanza upya na uliyepitisha unapata nafasi tena. Hapo ndipo ujanja ulipo: wa kwanza anajua kuna wawili nyuma yake, wa mwisho hana wa kumtegemea.

Kuna siku aliyekaa kulia kwangu alicheza Consultation juu ya Oracle. Nilikuwa na Swan Song, inayoweza kuifuta Consultation, na mana ya kuilipia. Nikapitisha, maana wa tatu alikuwa na uso wa mtu mwenye jibu. Wa pili akapitisha. Wa tatu akaangalia kadi zake, akaangalia dari, akapitisha. Jibu alikuwa nalo kweli: Force of Will, bila kadi nyingine hata moja ya buluu mkononi na ardhi zake zote zimelazwa, yaani mana yake imeshatumika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nami nilikufa na Swan Song mkononi.

Tangu hapo, nikiwa mimi mwenye kombo, jicho langu liko kwa wa kulia kwangu, kwa sababu yeye ndiye anayejibu mwisho. Ardhi zake za buluu zikiwa zimelazwa, mzigo unahamia kwa wa katikati, ambaye kwa kawaida hajajiandaa kuubeba. Wa kushoto simwogopi sana. Zamu inayofuata ni yake, na jibu lake anataka kulindia kombo yake mwenyewe. Lakini saa nzuri kuliko zote ni pale mtu mwingine ameshajaribu na kuzuiwa, na mezani kila mmoja anahesabu alichobakiwa nacho.

Hata hapo siendi na Oracle moja kwa moja. Natanguliza Silence, mana 1 nyeupe, inayowazuia wapinzani kucheza kadi zamu hiyo. Ikipita, naendelea. Ikifutwa, Oracle inabaki mkononi, jibu moja limepungua mezani, nami napitisha zamu kama mtu ambaye hakuwa na mpango wowote.