Saruji ya stoo si akiba

"Kila mshahara nanunua mifuko mitano ya saruji, mwakani napiga plasta nyumba nzima." Maneno haya utayasikia Chanika, Mbagala, Kigamboni, kokote Dar es Salaam tunakojenga kidogo kidogo. Nia ni njema, na hofu ya bei kupanda ni ya kweli. Lakini saruji haikai kama nondo.

Saruji huganda kwa maji, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Unyevu huo hupenya mfuko, unga unaanza kuganda humo humo ndani, na nguvu inapungua mwezi hadi mwezi. Baada ya miezi 3 upungufu huwa bayana. Ukiivusha masika, Machi hadi Mei, juu ya sakafu ya udongo, utakuta mawe. Wapo mafundi wanaochekecha mabonge na kutumia unga uliobaki. Unga huo nao umeshachoka, na plasta yake hupukutika. Naumia nikiona pesa ya jasho inaishia hivyo.

Mwenye kipato kidogo atangulize tofali, mchanga, kokoto, na nondo zilizoinuliwa kutoka ardhini. Pesa ya saruji ibaki benki hadi wiki ya kazi, hata kama ni chumba kimoja kimoja. Mwenye fungu kubwa naye asishushe shehena yote siku moja. Ikibidi ilale, panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, funika kwa turubai, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.