Je, Wajua Kwa Nini Maziwa ya Kopo Hayakorogwi kwa Maji Vuguvugu?

Mtoto mchanga akilazimika kupewa maziwa ya kopo, ndugu hubishania kopo: la bei gani, mtoto wa shangazi alikunywa lipi. Ubishi huo hauna urefu. Kwa mtoto aliyezaliwa salama, linatafutwa kopo la namba 1, la tangu kuzaliwa hadi miezi 6, ambalo tarehe yake haijapita na halijabonyea. Njiti na mwenye mzio ni wa daktari. Kazi kubwa iko kwenye birika.

Mimi niliamini maji huchemshwa ili kuua vijidudu vya maji, basi. Nikayachemsha jioni, nikayafunika kwenye jagi, na saa tisa usiku nikakorogea maji yaliyopoa, nikijiona mwangalifu kweli. Kumbe maji yalikuwa safi. Wa kushukiwa ni unga. Kopo likifunguliwa linatoa pumzi, pss, nawe unadhani ndani hakuna kilicho hai, kama kopo la maharage. Lakini maharage hupikwa kopo likiwa limeshafungwa. Maziwa hupashwa moto kwanza, hukaushwa kwa hewa ya moto, ndipo unga hupita mitamboni, huongezwa vitamini na kujazwa. Njiani humo kijidudu kinaweza kudandia.

Anayeogopwa zaidi ni bakteria Cronobacter sakazakii, aliyepewa jina la Cronos, yule wa hekaya za Wagiriki aliyemeza wanawe. Wanasayansi nao wana utani wao.

Kuelewa anavyoishi kwenye unga mkavu, mwulize mpika maandazi. Hamira ya chenga hukaa kabatini miezi, imekauka kama mchanga, na ungeapa imekufa. Imwagie maji vuguvugu na sukari kidogo: baada ya dakika kumi inatoa povu. Imwagie maji ya moto sana: donge halitaumuka, hata uliweke juani. Hamira si bakteria, ila tabia ni hiyohiyo. Ukavu humlaza, uvuguvugu humwamsha, moto humuua. Maji yangu ya saa tisa yalikuwa kengele ya kumwamshia.

Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2007 wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) unataka maji yasiyopungua nyuzi 70. Kipimajoto si lazima: chemsha lita moja, uache isizidi nusu saa. Maji hutangulia chupani, unga hufuata kwa kijiko cha kopo lenyewe, kisha chupa hupozwa kwenye beseni la maji baridi na tone hupimwa kifundoni mwa mkono.

Tukiri kwamba ugonjwa wenyewe ni nadra, ingawa ni mkali, hasa kwa walio chini ya miezi 2. Makopo mengine huelekeza maji ya baridi zaidi, mara nyingi kwa kuwa yana bakteria rafiki ambao nao wangeungua. Hapo muulize daktari.

Yaliyobaki mtoto akishashiba humwagwa, hata kama kopo liliuzwa bei ya mbuzi.