Je, wajua kwa nini wasifu wa ukurasa mmoja unaweza kuushinda wa kurasa tano?

Ingia steshenari yoyote ya Nyegezi au Makoroboi, hapa Mwanza, tangazo la ajira likishatoka, utamkuta kijana anachapisha wasifu wa kurasa tano. Ukurasa wa kwanza wote umeliwa na dini, hali ya ndoa, shule ya msingi na "kuangalia mpira". Kazi aliyoifanya kweli iko ukurasa wa tatu, na huenda msomaji asifike huko.

Kampuni ya Ladders ya Marekani iliwahi kufuatilia macho ya maofisa ajira wakipitia wasifu za watu. Mwaka 2012 iliona mchujo wa kwanza unachukua kama sekunde 6. Iliporudia 2018, ikapata wastani wa sekunde 7.4. Macho yalitua zaidi kwenye jina, cheo, mahali pa kazi, tarehe na elimu.

Si uvivu. Mwenye rundo la bahasha mezani huanza kwa kutafuta wa kumtoa, wa kumwajiri atamtafuta baadaye. Kila mstari usiohusu kazi unamchelewesha kuiona sababu ya kukubakiza.

Tuseme unaomba nafasi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. "Nilifanya kazi kiwanda cha samaki" haisemi kitu. Kandokando ya ziwa hili wangapi hawajafanya? Andika hivi: "Mpokea samaki, 2022–2024: kupima uzito na halijoto ya sangara kutoka mialoni, kutenga walioharibika, kujaza daftari la zamu." Hapo msimamizi wa ubora anajua umeshika kipimajoto. Kama ulishika koleo la barafu tu, andika koleo, maana kwenye usaili utaulizwa.

Ujanja huu wa kuanza na kile mwajiri anachokitafuta ni wa zamani. Mnamo 1482 hivi, Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, akiomba kazi. Alijua bwana yule anawaza vita, basi akaanza na madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga na magari ya kivita. Uchoraji, uliompa jina duniani, aliutaja mwishoni mwishoni.

Ila ajira za serikali zina utaratibu wake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba "maelezo binafsi yanayojitosheleza" pamoja na wadhamini watatu, kwa hiyo huko ukikata wadhamini umejikata mwenyewe. Mimi naona heri kuwa na faili mbili: moja ndefu yenye kila kitu, nyingine unayoipunguza kufuata tangazo, ukitumia maneno yaleyale ya tangazo. Namba ya simu ikae chini ya jina, na iwe inayopatikana hata ukiwa Ukerewe kwa shangazi. Tuma kwa PDF. Hati ya Word ikifunguliwa kwenye simu ya mtu mwingine mara nyingi mistari huvurugika.