Cheti cha Mzazi Hakiongezi Pointi za Mtoto: Ufafanuzi Kuhusu Udahili

Matokeo ya UACE, mtihani wa Uganda wa kumaliza kidato cha sita, yakishatoka, ofisi za udahili huanza kupokea barua zilizoambatishwa shahada ya baba, picha ya mama akiwa amevaa joho, hata cheti cha babu. Tunaelewa fahari hiyo. Ila malalamiko ya "mwanangu ameachwa ilhali mimi nilisoma hapo hapo" yamezidi, na yanatokana na dhana isiyo sahihi.

Utaratibu wa kuwapendelea watoto wa wahitimu upo Marekani. Kesi ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoamuliwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa takriban theluthi moja ya watoto wa wahitimu waliokuwa wakiomba walikubaliwa, huku waombaji wengine wakikubaliwa kwa takriban asilimia 6. Hata huko unapingwa: Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliuacha, na California iliupiga marufuku mwaka 2024, vyuo binafsi vikiwemo.

Katika vyuo vya umma vya Uganda, anayeingia moja kwa moja na UACE hupimwa kwa uzito wa masomo. A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1, F sifuri. Masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana nayo kwa 2. Chukua msichana anayeomba udaktari Makerere: Kemia A, Biolojia A, Fizikia B. Hiyo ni 18, 18 na 10, jumla 46. Akifaulu masomo madogo ya General Paper (maarifa ya jumla) na kompyuta anaongeza 1 na 1. Kwa kuwa ni msichana anapata 1.5, nyongeza iliyoanza mwaka 1990. Sasa ana 49.5, kabla ya alama za UCE, mtihani wa kidato cha nne. Mzazi atuonyeshe, katika hesabu hiyo, cheti chake kingekaa wapi? Jina lake kwenye fomu ni la kumbukumbu tu.

Asili ya familia huhesabiwa mahali pamoja: ufadhili wa serikali kupitia mgao wa wilaya, yaani nafasi zinazotengewa kila wilaya. Hapo kinachoangaliwa ni wilaya ya nyumbani, si chuo alichosoma mzazi, na wilaya yenyewe huthibitisha. Tunasikitika kwamba wengine hujiandikisha wilaya zisizo zao na kumnyima nafasi mtoto wa huko aliyesomea shule isiyo na maabara. Huyo ndiye aliyekusudiwa.

Kuhusu "kumwona mtu": Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamhusu mtoaji na mpokeaji. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi vizio 240 vya fedha, yaani shilingi milioni 4.8, au vyote viwili. Tafadhali msitupe bahasha.

Mwenye shaka na hesabu alete karatasi ya matokeo ya mtoto pamoja na namba yake ya mtihani. Afisa ataikokotoa mbele yake.