Robo ya kidonge si dozi ya mtoto

Nilipoanza kazi ya ufamasia, dawa ya kifua kikuu ya mtoto tuliipata kwa wembe: kidonge cha mtu mzima kilikatwa juu ya kisahani, unga mwekundu wa rifampisini, mojawapo ya dawa zilizomo, ukabaki vidoleni, kisha mama akafungiwa vipande kwenye karatasi ili akavisage nyumbani kwa kijiko. Vipande havikulingana, na uchungu wake uliwafanya watoto wengi wateme nusu ya kile kidogo walichopewa.

Hata hivyo wembe haukuwa tatizo kubwa kuliko hesabu yenyewe. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto akipewa kiasi kilekile kwa kila kilo ya uzito kama mtu mzima, dawa itafikia kiwango kilekile katika damu yake, lakini vipimo vilionyesha kuwa mtoto mdogo aliyekwisha kupita uchanga huziondoa mwilini rifampisini na dawa mwenzake, isoniazidi, haraka zaidi. Kwa hiyo mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi za watoto: isoniazidi kutoka miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, na rifampisini kutoka 10 hadi 15. Kwa mtoto mchanga mambo hugeuka, kwa kuwa ini lake bado halijakomaa; mwishoni mwa miaka ya 1950 klorafenikoli, antibayotiki iliyosifika sana, ilirundikana katika miili ya wachanga, wakageuka rangi ya kijivu na wengine wakafa.

Vidonge vya watoto vya wakati ule havikuendana tena na dozi mpya. Kilichoendana kilizinduliwa Desemba 2015, chenye rifampisini miligramu 75, isoniazidi 50 na dawa ya tatu, pirazinamidi, 150, kikiyeyuka katika maji kidogo na kuwa na ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kukisambaza kitaifa, mwaka 2016. Mtoto wa kilo 4 hadi 7 hupewa kimoja, wa kilo 8 hadi 11 viwili. Mama anahesabu, hakati.

Dozi ilipotengemaa, ndipo ikawezekana kuuliza kama miezi sita ya matibabu ni lazima. Utafiti wa SHINE, uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India kwa watoto 1,204 wenye kifua kikuu kisicho kikali, ulionyesha kuwa minne inatosha.

Jedwali letu la dozi, hata hivyo, linaanzia kilo 4. Akiletwa wa kilo 3, bado tunakaa na daktari wake na kukokotoa upya.