Je, wajua kwa nini mapumziko ya katikati huiponza filamu huru ya Kitamil?

Wengi hudhani filamu huru za Kitamil, kutoka jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, ni kazi za watu wasio na hela, kwa hiyo mhakiki azionee huruma. Sivyo. Kaaka Muttai ya M. Manikandan ilitayarishwa na nyota Dhanush pamoja na mwongozaji Vetrimaaran. Merku Thodarchi Malai ilitayarishwa na nyota mwingine, Vijay Sethupathi. Koozhangal ya P. S. Vinothraj, iliyotwaa tuzo ya Tiger kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2021, ilitayarishwa na mwigizaji Nayanthara na mwongozaji Vignesh Shivan, na filamu ya pili ya Vinothraj, Kottukkaali, ikatayarishwa na mwigizaji Sivakarthikeyan. Hao ni watu wa kujaza kumbi. Mara nyingi fedha ni zilezile za sokoni. Kinachoachwa ni shujaa asiyeshindwa, nyimbo, ngumi, na kile kilele cha katikati.

Hapo katikati ndipo haki inapopotea. Kumbi za India husimamisha filamu watu wakanunue vitafunio. Mwandishi wa filamu ya kibiashara ya saa mbili na nusu hivi analijua hilo tangu anaposhika kalamu: anapandisha kisa, anakatia patamu, kisha anaanza upya taa zikizimwa. Wahakiki nao wamezoea kupima kwa vipande: nusu ya kwanza imechangamka, ya pili imepoa.

Sasa chukua Koozhangal, yenye dakika 75 hivi. Baba mlevi anamtoa mwanawe Velu shuleni wakamfuate mama kwao; mtoto anachana pesa ya nauli, wanarudi kwa miguu juani. Velu anatia kokoto mdomoni kupoza kiu. Wakifika nyumbani anaiweka kwenye rundo la kokoto nyingine, na hapo unatambua safari hii si ya kwanza. Ugunduzi huo unategemea joto ulilolibeba pamoja naye bila kupumzika. Ni kama wali uliopaliwa makaa: ukifunua, mvuke umekwenda, na kufunika tena hakuurudishi. Kusema kwamba nusu ya pili imepoa ni kulaumu kitu ambacho filamu haikuwa nacho.

Kottukkaali, iliyoingia kumbini mwaka 2024, haina muziki wa kusindikiza kabisa. Familia inampeleka Meena kwa mganga atolewe penzi la kijana wa tabaka jingine, na jogoo wa kafara amefungwa mguu ndani ya bajaji. Mhakiki wa haki haulizi muziki uko wapi; anasikiliza kama ngurumo ya injini na kelele za wanaume zinatosha kumbana mtazamaji. Kwangu zinatosha sana.

Lakini filamu kuwa huru si kinga. Meena karibu hasemi lolote safari nzima. Kimya hicho ni ukaidi wake, au mwongozaji amemgeuza alama? Swali hilo linatoka ndani ya filamu yenyewe, na mhakiki ana kila haki ya kulibana.