Kinywa Kimekauka, Tezi Bado Ziko Hai

Kile kioo kidogo cha daktari wa meno husema mengi kabla mgonjwa hajafungua maelezo. Ukikipitisha ndani ya shavu la mtu mwenye mate ya kutosha, kinateleza. Kwa mgonjwa ninayemzungumzia hapa, kinanata. Inabidi ukibandue taratibu, na shavu nalo linakifuata kidogo kabla ya kukiachia. Ulimi una mipasuko kama tope la bwawa lililokauka. Meno yameoza shingoni, pale jino linapoingia kwenye ufizi, sehemu ambayo mate yangekuwa yanaiosha mchana kutwa. Ukimuuliza anakula vipi, atakwambia andazi haliendi bila chai, ugali unamkwama, na chupa ya maji inalala kando ya mto. Mara nyingi ni mama wa kati ya miaka 40 na 60, na kabla ya kufika kwetu ameshapimwa sukari zaidi ya mara moja akaambiwa hana.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Sjögren, na ukisema "Shogreni" utaeleweka. Ni mmoja wa magonjwa ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, na huwapata wanawake karibu mara tisa zaidi ya wanaume. Shabaha yake ya kwanza ni tezi za mate na za machozi, ndiyo maana mgonjwa huyohuyo anayelalamika kinywa atakuambia pia macho yanamwasha kama yametiwa mchanga. Viungo humuuma, na uchovu wake hauishi kwa kulala.

Henrik Sjögren alikuwa daktari wa macho wa Uswidi. Mwaka 1933 aliwasilisha Stockholm tasnifu kuhusu wanawake 19 wenye macho makavu, 13 kati yao wakiwa na ugonjwa wa viungo pia. Wasahihishaji hawakumpa alama za kumwezesha kufundisha chuo kikuu, akarudi kutibu macho. Ni baada ya daktari mmoja wa Australia kuitafsiri kazi hiyo kwa Kiingereza, mwaka 1943, ndipo wengi walipoanza kumsikiliza.

Turudi kinywani. Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna tezi ndogondogo mia kadhaa zilizotawanyika kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya mdomo wako wa chini, utazihisi kama punje za ulezi chini ya ngozi laini. Punje hizo ndizo zilizofanya utafiti wa ugonjwa huu uwezekane, kwa sababu tezi kubwa ya mbele ya sikio imepitiwa katikati na neva ya uso, na hakuna anayependa kuingiza kisu hapo bila sababu nzito.

Kabla ya kisu kuna kikombe. Mgonjwa anakaa asubuhi, hajala wala kunywa, anainamisha kichwa na kuyaacha mate yaingie kikombeni kwa dakika 15 bila kutafuna chochote. Mtu mzima mwenye afya hujaza karibu kijiko kimoja cha chai, yaani mililita nne au tano. Mwenye mililita moja na nusu au pungufu amevuka mstari tunaoutumia. Kipimo hakina gharama wala maumivu, ila kinataka saa na uvumilivu. Nashangaa kinavyofanywa kwa nadra.

Lakini kikombe kinaonyesha kuwa mate ni machache tu, hakisemi kwa nini. Dawa za mzio, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), baadhi ya dawa za presha, kisukari kisichodhibitiwa na mionzi ya saratani za kichwa na shingo, vyote hukausha kinywa. Kwa hiyo tunapima pia damu kutafuta antibodi, yaani silaha ya kinga ya mwili, iitwayo anti-Ro, ambayo zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Sjögren wanayo. Isipoonekana na dalili zikawa zinaelekea hukohuko, hakuna haja ya kuandikia mate na wino upo: tunachukua kinyama cha mdomo.

Wagonjwa wengi wanaogopa hapa, kwa hiyo nieleze hatua kwa hatua. Mdomo wa chini unageuzwa nje. Sindano ya ganzi inachomwa, na kwa kweli ndiyo inayouma kuliko vyote. Kisu kinafungua mpasuko mfupi wa kama sentimita moja, tezi zinachomoza zenyewe kama mbegu za pasheni, na daktari anatoa nne mpaka sita kwa mkasi mdogo. Nyuzi mbili tatu, kazi imekwisha kwa nusu saa. Siku chache utakula vitu laini. Wachache hubaki na ganzi kidogo mahali pale kwa wiki au miezi, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi.

Tezi zinakwenda maabara, zinakatwa vipande vyembamba, zinatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Tezi yenye afya inaonekana kama shamba la mizabibu: vichala vya chembe zinazotengeneza mate vimezunguka vijifereji. Kwenye Sjögren, kando ya vijifereji utaona kundi jeusi la limfosaiti, zile chembe nyeupe za ulinzi, zimesongamana kama watu waliozunguka ajali. Chisholm na Mason walipendekeza mwaka 1968 namna ya kuzipanga kwa daraja, na mpaka leo tunahesabu hivi: chembe 50 au zaidi zilizokusanyika pamoja ni kundi moja. Kundi moja au zaidi katika kila milimita nne za mraba za tezi ni ushahidi mzito. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, kinyama chenye matokeo hayo kina pointi tatu, sawa na antibodi ya anti-Ro, na pointi nne zinatosha kumhesabu mtu kuwa ana ugonjwa huu. Kikombe kina pointi moja.

Sasa fumbo linaanzia hapohapo kwenye hadubini. Ungetegemea aliyekauka zaidi awe na makundi mengi zaidi. Sivyo inavyokuwa kila mara. Nimesoma vioo vya hadubini vyenye tezi za wagonjwa wenye kinywa kikavu kabisa, na sehemu kubwa ya vichala vyao ilikuwa imesimama bila kuguswa. Kama mashine bado ipo, nani kazima umeme?

Dalili ya jibu ilikuwapo hata kabla ya Sjögren. Mwaka 1888 daktari wa London, Hadden, alieleza habari za mama wa miaka 65 aliyekaukiwa kinywa na machozi. Alimpa dawa ya maji ya jaborandi, mmea wa Brazili ambao majani yake humtoa mtu jasho na udenda, na mate yakaanza kurudi. Kama tezi zingekuwa zimekufa zote, dawa hiyo isingepata cha kuamsha. Kiini cha jaborandi ndiyo pilokapini tunayoijua kama matone ya presha ya macho, na kama kidonge hadi leo hutumika kuongeza mate, ijapokuwa jasho lake huwakera wengi na wenye pumu isiyotulia hawafai kupewa.

Kwa hiyo watafiti wengi wameacha kuuliza ni chembe ngapi zimekufa, wanauliza zilizo hai zimenyamazishwa na nini. Liverpool, Uingereza, walichukua chembe za tezi za mdomo kutoka kwa wagonjwa na kuzichochea kwa asetilikolini, ujumbe uleule ambao neva hutumia kuamuru mate yatoke. Ziliitika, ila zilihitaji kipimo kikubwa kuliko chembe za watu wazima wa afya, kama mtu anayesikia mpaka upige kelele. Wengine wanashuku antibodi zinazokaa kwenye kitasa ambacho ujumbe huo hufungulia. Wengine wanatazama akwaporini ya 5, mlango wa maji kwenye ukuta wa chembe: baadhi ya maabara zimeukuta umehamia upande usiofaa, nyingine zikarudia kazi hiyo zisiuone. Naegemea kwamba sababu ni zaidi ya moja, na kwamba chembe za vijifereji zenyewe hushiriki kuwaita walinzi badala ya kuwa wahanga tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. VVU navyo huweza kuvimbisha tezi za mbele ya masikio na kukausha kinywa, na mgonjwa wa namna hiyo akifika pande zote mbili zimejaa kama mwenye matubwitubwi. Limfosaiti zinazovamia tezi zake ni za aina tofauti, antibodi ya anti-Ro kwa kawaida haipo, na uvimbe mara nyingi hupungua kwa dawa za ARV. Homa ya ini ya C nayo huiga Sjögren. Ndiyo maana vipimo hivyo viwili vinatangulia kisu.

Kuchunguza tezi kuna sababu nyingine nzito kuliko kutaja jina la ugonjwa. Kati ya wagonjwa 100, kama watano hivi hupata limfoma, saratani ya limfosaiti, katika maisha yao, na mara nyingi huanzia kwenye tezi hizihizi za mate. Uvimbe wa upande mmoja, mgumu, usioondoka kwa wiki nyingi, hausubiri kliniki ya mwezi ujao. Na mama mwenye anti-Ro akishika mimba, amwambie mkunga mapema: kwa mimba moja au mbili katika kila 100, antibodi huvuka kondo la nyuma na kuharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto.

Kwenye dawa, historia imejaa milango iliyofungwa. Haidroksiklorokwini, inayoandikwa sana, ilijaribiwa Ufaransa kwa wagonjwa 120 na matokeo ya mwaka 2014 hayakuonyesha nafuu katika ukavu, maumivu wala uchovu. Rituksimabu, inayofuta limfosaiti za B (aina inayohusika na kutengeneza antibodi), haikufikia lengo Ufaransa wala Uingereza, ingawa huko Uingereza mate ya walioipata hayakuendelea kupungua kama ya wenzao. Mwaka 2025 kampuni ya Novartis ilitangaza kwamba ianalumabu, inayozilenga chembe hizohizo za B kwa njia mbili kwa pamoja, imefikia lengo katika majaribio mawili ya awamu ya tatu, yale makubwa yanayotangulia ombi la idhini. Lengo hilo lilikuwa kupunguza makali ya ugonjwa mwilini kwa ujumla. Kijiko cha mate ni hesabu nyingine, na kwenye hicho nitasubiri kuona takwimu.

Kwa sasa tunamtuma mgonjwa nyumbani na dawa ya meno yenye floridi nyingi, bazoka isiyo na sukari ya kutafuna, onyo kuhusu soda na pipi za ndimu anazonyonya ili mate yatoke, na tarehe ya kurudi kila baada ya miezi mitatu tukague shingo za meno yake.